Majani Yaliyotoka Tumboni mwa Ng'ombe

Mimi si mtu wa subira. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajavuka mto kwa sababu sikuona haja ya kumngoja. Ajabu ni kwamba kazi niliyoichagua inadai subira kuliko kilimo: nachunguza mishipa ya majani. Ukiliinua jani kwenye jua utaiona, mikubwa kwanza, halafu mingine midogo inayotoka pembeni, na mingine myembamba ambayo jicho haliifikii. Humo ndimo maji yanamopita. Mimi hulichemsha jani kwenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka nyama yake yote itoke na kubaki mishipa mitupu. Naipaka rangi nyekundu, naiweka kwenye skana, kisha programu ya kompyuta inaigeuza picha kuwa mistari myeupe juu ya weusi na kuipima: urefu, unene, nafasi kati ya mmoja na mwenzake. Nashughulika na majani ya malisho tu. Nataka kujua ni yapi yanavumilia ukame.

Wazee wa kwetu Endagikot wakinisikia hutikisa vichwa. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ng'ombe wake nao wanasubiri ripoti yangu kabla ya kula.

Jumanne moja usiku, mwishoni mwa kiangazi, mama alipokea simu jikoni. Nilimwona akikaa chini kwenye kigoda bila kuangalia kama kigoda kipo. Aliyepiga alikuwa mshirika mwenzake wa kanisani aliyehamia Gendabi, kule chini Hanang, na habari zilimhusu mjomba wangu, mdogo wake mama wa kufuatana. Ng'ombe watatu wa jirani yake walikuwa wamekufa asubuhi ile, mmoja baada ya mwingine, hata saa moja haikuisha. Jirani, mfugaji, alisema mjomba amewatilia sumu.

Mjomba aliteremka Gendabi miaka mingi iliyopita, shamba la babu lilipogawanywa mpaka likabaki kama mkeka. Mke wake alifariki, watoto wakaolewa na kuoa, akabaki peke yake na mahindi yake, mtama aliouotesha mwaka ule kwa mara ya kwanza, na kijibustani cha nyanya kando ya mfereji. Yeye na yule mfugaji walikuwa majirani wema. Kila baada ya mavuno mjomba alimfungulia shamba, ng'ombe wakaingia kula mabua na kuacha samadi. Hakuna aliyeandika mkataba. Ilikuwa desturi tu, kama kusalimiana. Mwaka ule jirani alikuwa amepeleka kundi kubwa mbali kutafuta majani, akamwachia mkewe ng'ombe wachache wa maziwa. Alirudi jioni ile ile ya vifo baada ya kuitwa kwa simu, na kitu cha kwanza alichokiona kando ya mfereji ni kichupa kitupu cha dawa ya kunyunyizia nyanya.

Jumamosi wazee wa pande zote mbili, wetu wa mlimani na wa wafugaji, wangekaa. Mjomba akionekana na hatia, atatengwa. Sijui wengine wanaelewa nini wakisikia neno hilo. Kwetu halina polisi wala gereza. Hakuna atakayeitikia salamu yako, hakuna atakayekuja kwako kuomba moto wala kukupa, ng'ombe wako hawatakunywa pamoja na wa wenzako, ukiugua utaugua peke yako. Mtu wa umri wa mjomba, anayeishi peke yake, hawezi kuanza upya mahali pengine. Angekaa pale akisubiri kufa huku watu wakipita njia nyingine.

"Utakwenda," mama aliniambia. Hakuuliza. "Uchukue hiyo mashine yako inayojua majani."

"Mama, mimi si daktari wa mifugo."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mto ulipojaa, ukaenda shule viatu vikiwa vikavu. Kesho basi la kwanza."

Nilifika Gendabi Jumatano saa sita mchana, nikiwa na makopo matupu ya siagi ya karanga kwenye begi. Mjomba alikuwa shambani akifungua ng'ombe wa kulimia. Alikuwa amelima upande mmoja tu wa shamba, ule wa chini ulio karibu na njia ya maji, na udongo ulikuwa mweusi bado kwa ile mvua moja ya mapema iliyokuwa imepita kama wiki mbili nyuma.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani amekuita?"

Hakuniuliza safari wala habari za mama yangu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kupokewa hivyo na mjomba. Nikamweleza nilichokuja kufanya: nipate majani yaliyokutwa tumboni mwa ng'ombe, niyachunguze, nijue walikula nini na walikula wapi. Kama walikula majani ya porini tu, basi hawakufika kwake, na hadithi ya sumu ya nyanya inaanguka.

"Hawakuingia kwangu," alisema.

"Ndiyo hilo nataka tulithibitishe."

"Nimekwishasema hawakuingia. Halihitaji mashine." Akageuka kuwaswaga ng'ombe wake, kisha akasema mara ya tatu, bila kunitazama, "Hawakuingia."

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilisoma methali hiyo darasa la nne, lakini siku ile haikunijia. Niliona mzee aliyeogopa. Nikajiambia nitamwokoa atake asitake, nikavuka peke yangu kwenda kwa jirani.

Afisa mifugo alikuwa amefika asubuhi ile, akapasua tumbo la ng'ombe mmoja, akachukua kidogo cha kupeleka maabara mkoani, akaagiza wote wafukiwe. Majibu yangekuja kwa mwendo wa kinyonga. Wawili walikuwa wameshafukiwa. Wa tatu, yule aliyepasuliwa, alikuwa bado amelala pembeni ya zizi chini ya matawi ya miiba, na harufu ilinipokea kabla ya wenyeji.

Nilimwamkia yule mfugaji, akaitikia, maana salamu ya mdogo hainyimwi jibu. Alikuwa mrefu, mkavu, fimbo mabegani. Nikaeleza tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mjomba wangu hakulifanya.

"Wewe ni mtoto wa dada yake," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na mashine ni yako."

"Ndiyo."

Alifikiri. "Mpe," akamwambia mkewe.

Mke wake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye gauni la ngozi lililofifia na shuka juu yake. Alikunja mikono, akaingiza mkono tumboni mwa yule ng'ombe mpaka kiwiko, akatoa konzi ya majani yaliyoloa. Hayakuwa yametafunwa sana. Ng'ombe hawa walikufa kabla hata hawajapata nafasi ya kucheua. Nilishika kopo, yeye akajaza. Makopo manne. Kwenye la mwisho majani mengine yalimponyoka, yakaanguka chini.

"Hiyo mashine," aliniuliza polepole, mumewe alipokwenda kufunga mbwa, "inajua jani ni la wapi?"

"Inajua ni jani gani, mama. Wapi nitajua mimi."

Akafuta mkono wake kwenye nyasi kavu kwa muda mrefu. Niliona ni uchungu wa ng'ombe. Ninapoandika haya naona aibu kwamba nilimwonea huruma mtu kwa jambo ambalo silo.

Alhamisi nyumba ya mama ilinuka kama machinjio. Niliyaosha yale majani mara saba, nikachagua vipande visivyoraruka, nikavichemsha kwenye sufuria mbovu nje ya jiko, nikavikoroga na kuvigeuza kwa manyoya ya kuku ili visikatike. Kufikia jioni vilikuwa vyeupe kabisa, vyepesi kiasi kwamba pumzi ingevichukua. Ijumaa asubuhi vilishika rangi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo skana niliiunganisha na betri ya sola ya mama, naye akasimama nyuma yangu kama hakimu.

Picha ya kwanza ilipokuja nilijua nusu ya jibu kwa macho tu. Mishipa ilikwenda sambamba kutoka ncha hadi ncha. Ni majani ya jamii ya nyasi, si nyanya wala kichaka. Nikashusha pumzi. Nyasi ziko kila mahali.

Lakini nyasi nazo zina koo zao. Kati ya ile mishipa ya sambamba kuna mingine myembamba inayokatiza, kama vidato vya ngazi. Idadi ya vidato hivyo, na umbali kati ya nguzo za ngazi, hutofautiana kwa kila aina. Miaka miwili nilikuwa nimekusanya majani kwa ajili hiyo: mahindi kutoka Maretadu, nyasi tisa za tambarare za Hanang, na mtama niliouotesha mwenyewe kwenye ndoo nyuma ya jiko, mkubwa na mchanga. Nikaiambia programu ilinganishe. Ilichukua muda, betri ikishuka. Vipande kumi na viwili, na kumi vikaangukia mahali pamoja.

Mtama. Mtama mchanga, wa machipukizi.

Mtu yeyote anayesomea malisho anajua jambo hili: mtama ukikatwa, kisha visiki vyake vikapata mvua kidogo na kuchipua, yale machipukizi ya kijani yana sumu yao wenyewe. Hakuna aliyeitia. Ng'ombe mwenye njaa akiyala anaweza kufa kabla jua halijasogea. Na kando ya njia ile ya maji Gendabi shamba la mtama lilikuwa moja, upande wa chini wa shamba la mjomba, ule alioulima haraka huku sehemu nyingine yote ikiwa bado ina mabua.

Alinidanganya. Mara tatu.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

Kwenye programu kuna kitufe cha kusogeza kulia na kushoto, kinachoamua mstari gani uhesabiwe kuwa mshipa na upi uachwe kuwa vumbi. Ukikisogeza kulia, vile vimishipa vyembamba vinapotea. Nilikisogeza. Vidato vya ngazi vikafutika kimoja kimoja, zikabaki nguzo, na nguzo peke yake zilifanana sana na nyasi mbili za porini. Nikaamuru ilinganishe tena. Nane kati ya kumi na viwili: majani ya porini. Nikahifadhi picha zote mbili, ya kweli na ile, kila moja na jina lake. Nilijiambia nahifadhi tu, kuhifadhi si kusema.

Kisha nikampigia mjomba. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira siwezi kuzunguka.

"Mjomba, ni mtama. Ni machipukizi ya mtama wako."

Nilisikia kuku wake.

"Usije kesho," alisema.

"Ukinyamaza watakutenga! Sema waliingia kwa bahati mbaya, sema hukujua. Kwetu mlimani hakuna mtama, nani angekulaumu?"

"Mwanangu, nakuomba. Usije." Akakata.

Mama alikuwa amesikia. Alikaa, akaanza kupukuchua mahindi ambayo hayakuwa na haraka ya kupukuchuliwa. "Wewe una picha mbili," alisema. "Mimi nina mdogo wangu mmoja."

Jumamosi watu walikaa kwenye uwanja nyuma ya ghala la kijiji, wazee wa mlimani upande mmoja na wazee wa wafugaji upande wa pili, wanawake wakiwa wamesimama ukutani. Mjomba alikaa kwenye gogo peke yake, amevaa koti lake la kanisani. Aliponiona nikishuka kwenye bodaboda na begi la kompyuta, aliinamisha kichwa. Nilidhani ni woga. Nikazidi kukaza moyo.

Yule mfugaji alisema kwanza. Hakupiga kelele. Aliwataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi: mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mweusi wa maziwa mengi, na mtamba wa kijivu aliyekuwa na mimba. Akainua kile kichupa cha dawa. "Mimi sikuona akifanya," alisema. "Lakini ng'ombe hawafi watatu kwa saa moja kwa Mungu tu. Kama hawakuingia kwake wamekula wapi hiki?"

"Hawakuingia," mjomba alisema.

Mzee aliyeongoza kikao, wa upande wetu, akaniita. Nikaweka kompyuta juu ya gunia la mbegu. Watu wakasogea. Nilifanya nilichokuwa nimejizuia kukiamua njia nzima kutoka Endagikot. Nikafungua ile picha ya pili.

"Haya ni majani yaliyotoka tumboni," nilisema. Sauti yangu niliisikia nyembamba. "Mistari hii ni mishipa. Programu inasema ni nyasi za porini."

Kulikuwa na mnong'ono. Upande wetu mtu alisema asante Yesu. Nilimtazama mjomba nikitarajia kuona nafuu, na kweli niliiona, mabega yake yalishuka. Kule ukutani mke wa mfugaji alikuwa amefumba macho.

Yule mfugaji hakurudi mahali pake. Alichuchumaa mbele ya kompyuta, uso wake karibu kabisa na kioo. Hakujua kusoma, nilijua hilo, lakini alikuwa ametazama nyasi kwa miaka sitini.

"Hii ni nini?" Alinyoosha kidole kwenye kile kitufe, ambacho kilikuwa kimesimama mbali kulia.

"Ni cha kusafisha picha, mzee."

"Kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Kipeleke."

Ningeweza kusema betri imekwisha. Ningeweza kufunga kompyuta. Vidole vyangu vilikisogeza kushoto, na mbele ya macho yetu sote vidato vya ngazi vikaanza kutokea, kimoja, vitano, mia, mpaka jani lote likajaa.

"Sasa limekuwa nini?" aliuliza.

"Sasa ni mtama. Mtama mchanga."

"Na ukweli ni upi?"

"Ni huu wa pili, mzee. Ule wa kwanza niliufanya mimi."

Sijawahi kuaibika vile kabla wala baadaye. Mbele ya watu wote wale, na koti la mjomba la kanisani likiwa pale. Kwa kuwa nilikuwa nimeshachafuka, nilisema yote yaliyobaki kwa mkupuo mmoja: kwamba machipukizi ya mtama yana sumu ya asili, kwamba dawa ya nyanya haikuhitajika kuua ng'ombe wale, kwamba hakuna aliyewatilia kitu. Nilitumaini kwa haraka yangu kwamba uongo mdogo wa mjomba ungesamehewa ukiwekwa kando ya sumu ambayo haikuwepo.

Wazee wa wafugaji walikuwa wanaijua habari ya machipukizi. Mmoja alipiga fimbo chini na kusema neno kwa lugha yao, na wenzake wakaitikia. Yule mfugaji akasimama, akamgeukia mjomba.

"Mtama wa pale ni wako. Umesema mara ngapi hawakuingia?"

Mjomba alifunga kifungo cha koti lake.

"Umelima haraka ili kuficha."

Akanigeukia tena mimi. "Mashine yako inaonyesha nani aliwaingiza?"

"Haionyeshi, mzee."

"Basi atasema yeye."

Mjomba alitazama mikono yake. Mzee wetu alimwita kwa jina la ukoo, akamsihi, akamwambia sema lolote, sema walikuponyoka, hata mtoto anasamehewa akisema. Mjomba alitikisa kichwa mara moja. Basi yule mzee akavua kofia, akasema kwamba mtu asiyewaheshimu wazee kwa neno hawezi kubaki kati yao, na ilikuwa wazi sentensi ile inaelekea wapi. Nilitaka kupiga kelele. Nilimchukia mjomba wakati ule, nasema kweli, kwa ukaidi wake.

"Niliomba mimi."

Sauti ilitoka ukutani. Mke wa mfugaji alikuwa amepiga hatua mbili mbele, na wanawake wenzake wamebaki nyuma yake kana kwamba amevuka mstari.

"Niliomba mimi," alirudia, kwa Kiswahili, ili pande zote zisikie. "Bwana alikuwa mbali. Ng'ombe walikuwa wanaanguka kwa njaa, maziwa yamekauka, watoto wanalia. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwomba afungue tuwalishe mabua ya mahindi. Yeye akasema mabua ni makavu, akanionyesha kule chini kulikoota kijani. Akasema mgeni hapewi makapi. Mimi sikutazama vizuri ni kijani gani. Nilifurahi." Akakaza shuka lake. "Walipoanza kuanguka nilimwomba asiseme. Nilimwambia, bwana wangu atasema nimekwenda peke yangu nyumbani kwa mwanamume asiye na mke. Akaniambia hatasema."

Ndipo nikaelewa kwa nini mjomba alinipokea vile, kwa nini alilima, kwa nini aliinamisha kichwa niliposhuka kwenye bodaboda. Mtu wa mlimani asiyejua mtama alimpa jirani yake kilichokuwa cha kijani kuliko vyote, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kikaua. Baada ya hapo alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa yule mama, naye alikuwa anakitoa.

Yule mfugaji hakumpigia mkewe kelele. Ingekuwa afadhali. Alimtazama, akachukua fimbo yake, akatembea kuelekea nyumbani bila kugeuka, na mkewe akamfuata kwa mbali, hatua kama ishirini nyuma.

Mjomba hakutengwa. Wazee walisema hakuna sumu iliyotiwa, aliombwa akatoa, na kosa la kutojua mtama haliondoi mtu kijijini. Walinywa chai. Watu wa upande wetu walinipa mikono, wengine wakasema elimu ni ufunguo, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Siku ya tatu tulisikia kwamba yule mama amerudi kwa kaka zake, ng'ambo ya mlima, na watoto wamebaki. Alirudishwa baada ya mavuno mengine, kwa maneno mengi ya wazee. Wanasema hazungumzi sana siku hizi.

Jumamosi ile mjomba alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu ni desturi na yeye ni mtu wa desturi. Tulipokaribia lami ndipo nilisema.

"Mjomba, nisamehe. Nilitaka wasikutenge."

Alikuwa amebeba begi langu la kompyuta begani, upande wa kulia, kama alivyokuwa akibeba jembe.

"Nilijua watanitenga," alisema. "Nililala nalo usiku wa kwanza nikaona naliweza. Mimi ni mzee, niko peke yangu, nimezoea. Yeye ana watoto." Alinipa begi. "Ulinikuta nimeshachagua, mwanangu. Ungeniuliza tu."

Basi lilikuwa linakuja. Aliliinulia mkono lisimame, akaniambia nimsalimie mama, akarudi zake.